Viyeyushi Salama na Viza ya Uwezo wa Kipekee
(Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza viyeyushi ni nini: thina ya fundi rangi, spiriti ya hospitali, heksani inayokamulia mafuta ya mbegu viwandani. Leo tunatoka maabara na kwenda kwenye meza ya ofisa wa uhamiaji wa Marekani. Hapo mkemia anayetafuta viyeyushi visivyodhuru hutakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni miongoni mwa wachache waliofika kileleni mwa fani yake.

Sheria ya Uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 ndiyo iliyoanzisha daraja linalojulikana leo kama EB-1A, la watu wenye uwezo wa kipekee katika sayansi, sanaa, elimu, biashara na michezo. Mwombaji hahitaji mwajiri wa kumdhamini. Hujaza mwenyewe fomu ya I-140 na kuambatanisha ushahidi. Ama awe na tuzo kubwa ya kimataifa, ya hadhi ya Nobel, ama atimize angalau vigezo 3 kati ya 10. Miongoni mwavyo ni makala za kitaaluma, kuhakiki kazi za wenzake, kuandikwa na vyombo vya habari, mshahara mnono, na mchango wake mwenyewe wenye uzito mkubwa katika fani.

Mkemia mwenye shahada ya udaktari hupata viwili bila jasho jingi, yaani makala na uhakiki. Hicho cha mchango ndicho kinachowakosesha watu usingizi, na kwa mtu wa viyeyushi taabu ni maradufu. Kiyeyushi hufanya kazi yake kisha kikaondolewa. Kidonge kinapofika duka la dawa, kimiminika kilichotumika kukitengeneza hakimo tena, na jina la aliyekichagua halikuwahi kuwemo. Aliyegundua dawa ana kitu cha kumwonyesha ofisa. Huyu wa viyeyushi aonyeshe nini?

Aonyeshe kilichobadilika kwa wengine. Chukua kampuni ya Pfizer, iliyopewa tuzo ya Rais wa Marekani ya kemia ya kijani mwaka 2002 kwa kupanga upya utengenezaji wa setralini, dawa ya sonona. Njia ya zamani ilitumia viyeyushi vinne: dikloromethani, tetrahaidrofurani, toluini na heksani. Njia mpya ikabaki na ethanoli peke yake. Kwa kila tani ya dawa, viyeyushi vilivyohitajika vilishuka kutoka galoni 60,000 hadi 6,000. Ofisa hahitaji kujua muundo wa molekuli ili aelewe hesabu hiyo.

Mfano wa pili unanivutia zaidi, maana vitu vyake vinapatikana hata kwetu. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuchanganya kolini kloridi, ambayo wafugaji huiweka kwenye chakula cha kuku, na yurea, mbolea ileile ya magunia. Zote mbili ni yabisi nyeupe. Kolini kloridi huyeyuka kwenye nyuzi 302 za Selsiasi, yurea kwenye 133. Zichanganye kwa uwiano wa molekuli moja ya kolini kloridi kwa mbili za yurea, uzipashe moto kidogo, na utapata kimiminika kizito, angavu, kisichoganda mpaka nyuzi 12. Kinayeyusha hata baadhi ya oksidi za metali. Tangu hapo maelfu ya watafiti duniani wameirejelea kazi hiyo na kuiendeleza. Huo ndio mchango ambao hauhitaji kutetewa kwa maneno mengi.

Hapa nitie neno langu. Si kila kinachoitwa kijani ni salama. Limonini ya maganda ya machungwa hunukia vizuri, lakini hushika moto na hudhuru viumbe wa majini. Vimiminika vya ayoni vilisifiwa sana kwa sababu havifuki, kisha baadhi yake vikagundulika kuwa ni sumu na haviozi. Barua ya utetezi inayoambatanishwa na maombi, ikilipamba neno “kijani” bila kipimo, ni barua dhaifu.

Na barua zenyewe hazitoshi. Katika kesi ya Kazarian ya mwaka 2010, iliyomhusu mwanafizikia, mahakama ya rufaa ya Marekani iliikosoa idara ya uhamiaji kwa kubuni masharti yasiyomo kwenye kanuni, lakini mwombaji akashindwa vilevile kwa kuwa alitimiza vigezo viwili tu. Kutokana na kesi hiyo, ofisa hupima mara mbili: kwanza anahesabu vigezo, kisha anautazama ushahidi wote kwa jumla. Barua ya mtaalamu asiyekufahamu, anayeeleza alivyoitumia kazi yako, huwa na nguvu kuliko sifa za profesa aliyekulea.

Uzito wa fani nao haubishaniwi. Mwaka 2024 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipiga marufuku matumizi mengi ya dikloromethani. Kwa hesabu za shirika hilo, tangu mwaka 1980 watu wasiopungua 88 wamekufa kwa kuivuta, wengi wao mafundi wa kukarabati nyumba. Ila umuhimu wa fani haumfanyi kila aliyemo kuwa wa kipekee, na maombi mengi hukwama hapo.

Wenye ndoto hiyo wajue pia kwamba kukubaliwa kwa I-140 si ukaazi. Bado kuna kusubiri namba ya viza, ambayo hugawiwa kwa kufuata nchi uliyozaliwa, si pasipoti uliyonayo. Waliozaliwa India na China hupanga foleni ya miaka. Waliozaliwa kwetu kwa kawaida hawana foleni hiyo katika daraja hili.

Kwa vijana wa kemia walio Dodoma, Kampala au Nairobi: jarida likikuomba uhakiki makala, itunze barua ya mwaliko pamoja na ile ya shukrani baada ya kazi. Ofisa hutaka uthibitisho kwamba ulihakiki kweli, wala hatosheki na kwamba ulialikwa.