Mkoko Ukikatwa Hauchipui Tena

Mkokoni ni kijiji cha bara, kaskazini ya Lamu, kinachotazamana na kisiwa cha Kiwayu. Jina lake lajieleza: ni mahali pa mikoko. Maji yaliyo mbele yake yamo katika hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979. Katika kila hekta 10 za mikoko ya Kenya, hekta 6 zimo katika Lamu.

Huenda mkulima wa Mpeketoni, Hindi au Witu akauliza, "Mikoko ni mali ya wavuvi na wakata boriti. Yanihusu nini mimi mwenye shamba?" Yamhusu sana, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni miti ya kujengea. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo hutoka katika msitu huo. Zamani majahazi yalichukua boriti za Lamu mpaka Arabuni, na mwaka 1982 Serikali ikakataza kuzipeleka nchi za nje. Mwezi wa Februari 2018 ukataji katika misitu ya umma ulisimamishwa, na wakata boriti wengi wa Lamu wakakosa riziki. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, lakini somo limebaki: msitu ukiharibika, mwenye shoka huumia mapema kuliko wengine.

Sababu ya pili ni udongo wa shamba lako. Mizizi ya mikoko huvuta hewa juu ya tope. Ikifunikwa na udongo mwingi, mti hufa kama mtu aliyezibwa pua. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilichukua udongo wa mashamba na kuumwaga katika hori la Mwache, karibu na Mombasa, na mikoko mingi ikafa. Basi udongo unaopotea shambani humdhuru mkulima, kisha humdhuru mvuvi.

Tufanye nini? Kwanza yafaa tuijue miti. Mchu ukikatwa huweza kuchipua kutoka kisikini. Mkoko wenyewe hauchipui. Shina likikatwa, mti umekwisha. Kwa hiyo mkataji mwenye busara huchagua mti mmoja hapa na mmoja pale, huacha miti mizazi, na hukata kwa kibali cha Shirika la Huduma za Misitu la Kenya (KFS).

Penye miti mizazi na maji ya bahari yanayoingia na kutoka, miche huota yenyewe. Pasipo na miche ndipo tupande. Chukua mbegu ndefu za mkoko zilizokomaa, usizichume mbichi. Ichomeke kila moja wima katika tope, kiasi cha theluthi yake, kwa nafasi ya mita 1. Usipande katika mchanga mtupu wala penye nyasi za bahari, ambapo mikoko haikuwako tangu zamani. Huko ni kupoteza kazi.

Kazi hii haihitaji mabwana wakubwa. Wanawake wa Mtangawanda, katika kisiwa cha Pate, wamepanda mikoko kwa mikono yao. Huko Gazi, Kwale, kikundi cha Mikoko Pamoja kilianza mwaka 2013 kutunza hekta 117. Wao huuza hesabu ya hewa chafu inayozuiliwa na miti, na fedha zimewaletea watu maji safi na vifaa vya shule.

Shambani nako mambo ni hayo hayo. Katika Dodoma, Tanzania, wakulima hufuata njia iitwayo kisiki hai. Hawanunui miche. Hutafuta visiki vilivyo hai, huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hukata mengine, na huzuia mifugo. Majani yakianguka hulisha ardhi, na mizizi hushika udongo. Mkulima wa Lamu aweza kufanya hivyo kesho, kwa panga alilo nalo. Aongeze matuta yanayokingama mteremko, na asichome mabaki ya mavuno.

Usingoje mvua ya kwanza. Tembea shambani mwako wiki hii, uhesabu visiki vilivyo hai, utie alama kila kimoja, kisha umwite Bwana Shamba mvitazame pamoja. Udongo utakaouzuia kwako ndio mkoko utakaopona pwani.