Simu Mpya Imetoka, Lakini Uliyo Nayo Inaumwa Nini?

Mtu anayenunua ndizi katika soko la Gahanga, hapa Kigali, analipa kwa kubonyeza *182*8*1*, namba ya muuzaji, kiasi, halafu namba ya siri. Awe ameshika kitochi cha vitufe au iPhone iliyotoka Septemba iliyopita, muda wa kusubiri ni ule ule. Malipo ya namna hii hayapiti kwenye intaneti. Yanapita katika njia ambayo simu hutumia kuwasiliana na mnara hata usipopiga, na hesabu yote hufanywa na mitambo ya kampuni ya mtandao. Kazi ambayo simu nyingi za Kigali hufanya kila siku haitapata kasi zaidi kwa sababu umenunua simu mpya.

Kila toleo jipya likitangazwa, picha zake hujaa kwenye status za WhatsApp na watu huanza kuuliza ina kamera gani, ina chaji ya muda gani, inakuja lini mjini. Wachache huuliza simu waliyo nayo imepungukiwa nini. Mimi naanzia hapo kila mara, kwa sababu maradhi mengi ya simu yanatibika kwa gharama ndogo. Lipo moja lisilotibika, na hilo ndilo la kukupeleka dukani.

Kinachozeeka kwanza ni betri. Ndani ya betri ya lithiamu chaji husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine na kurudi, na kila safari huacha utando mwembamba unaoziba nafasi ya chaji ijayo. Apple yenyewe inasema iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wa betri baada ya mizunguko kamili 500. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia 100, hata kama umeitumia kwa siku mbili. Anayemaliza chaji kila siku hufika 500 katika mwaka mmoja na miezi minne hivi. Joto huharakisha uchakavu huo, ndiyo maana simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki juani, ramani ikiwa imewashwa na chaja imechomekwa, huchoka mapema kuliko simu ya mfukoni.

Wengi hawajui kwamba betri iliyochoka huifanya simu nzima ionekane kuukuu. Unapofungua kamera au kupiga simu ya video, kichakataji hudai umeme mwingi kwa ghafla. Betri dhaifu haiwezi kuutoa, simu inazima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 20. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike, na kwa mwaka 2018 ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Januari 2019 Tim Cook, aliyekuwa akiiongoza Apple, aliwaandikia wawekezaji wa kampuni hiyo barua ya kueleza kwa nini mapato yameshuka, na miongoni mwa sababu alitaja watu waliotumia nafasi hiyo ya betri za bei nafuu. Yaani kampuni yenyewe imekiri hadharani kwamba betri mpya huwafanya watu waahirishe kununua simu mpya.

Motari wa Kigali wanaoendesha pikipiki za umeme za Ampersand wanalielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Betri ikiisha, motari hapeleki pikipiki kuuzwa. Anapita kituoni, anaacha betri iliyoisha, anapewa nyingine, anaendelea na abiria wake. Simu haijarahisishiwa hivyo, lakini fundi mzuri huifanya kazi hiyo mbele ya macho yako. Anapasha joto kifuniko cha nyuma mpaka gundi ilegee, anapitisha kadi nyembamba ya plastiki pembezoni, anang'oa kwanza waya bapa wa betri kabla ya kugusa kingine chochote, kisha anaivuta betri polepole bila kuikunja. Fundi anayeichokonoa betri kwa bisibisi ya chuma usimwachie simu yako, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto. Na ukiona kioo au kifuniko kimeanza kujiinua, betri imevimba. Acha kuichaji leo hii.

Kabla ya kubadilisha betri, angalia tundu la chaja. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Gahanga huingia mfukoni, huchanganyika na nyuzi za nguo na kugandamana ndani ya tundu kila unapochomeka waya. Simu inakataa chaji, mwenyewe anadhani imekufa. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, utatoa donge la kushangaza.

Ugonjwa wa pili ni hifadhi iliyojaa. Memori ya simu haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja. Lazima ifute eneo zima kwanza, na ili kufuta inahitaji nafasi tupu ya kuhamishia vitu. Ikibaki nafasi kidogo tu, kila picha unayopokea huilazimisha kuhamahamisha, na simu inaganda. Chanzo kikubwa ni video za makundi ya WhatsApp, za harusi, za mahubiri, za vichekesho. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uone kundi lipi limekalia nafasi kubwa zaidi. Ukiacha nafasi tupu kama sehemu moja ya tano, simu nyingi hupata nafuu siku hiyo hiyo.

Hapa nitoe tahadhari kuhusu maandishi ya kwenye maboksi. Simu nyingi za bei nafuu huandikwa RAM ya GB 8, na pembeni kwa herufi ndogo 4+4. GB 4 ndizo RAM ya kweli. Zile nne nyingine ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa, na hifadhi ni ya polepole mno kuliko RAM. Kitu hicho kinasaidia kidogo, lakini si sababu ya kuongeza faranga.

Sasa ule ugonjwa usiotibika. Simu ni mashine inayoendeshwa na programu, na programu hizo hugundulika kuwa na nyufa kila mwezi. Mtengenezaji huziba nyufa kwa kutuma masasisho ya usalama. Siku anapoacha kutuma, simu inaendelea kuwaka na kupiga picha vizuri, lakini kila ufa unaogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi kwa wezi wanaotafuta ujumbe wako wa siri, picha zako na akaunti zako. Fundi wa mtaani hawezi kuziba nyufa hizo. Kwenye Android fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, toleo la Android, utaona tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama tarehe hiyo imepita zaidi ya mwaka na ukitafuta sasisho jipya hulipati, simu yako imeachwa. Baadaye hata programu za kawaida huikataa: WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4, na mwaka 2025 ikazikataa iPhone zisizofika iOS 15.1, kama vile iPhone 6.

Rwanda ina mfano wake. Oktoba 2019 Rais Paul Kagame alizindua kiwanda cha Mara Phones katika eneo maalum la viwanda la Kigali. Simu mbili, Mara X na Mara Z, ziliuzwa kwa takriban dola 130 na 190, na zilikuwa katika mpango wa Google wa Android One, uliokuwa ukiahidi miaka mitatu ya masasisho ya usalama. Ilikuwa ahadi nzuri kwa simu ya bei hiyo, na nilijivunia kuona simu ikiunganishwa hapa. Lakini miaka mitatu hiyo iliishia 2022, mwaka ambao kiwanda cha kampuni hiyo cha Afrika Kusini kilipigwa mnada. Aliyeitunza Mara yake vizuri, ikiwa haina hata mkwaruzo, anabaki na simu ambayo nyufa zake hazizibwi tena.

Kwa hiyo ukifika dukani, kabla ya kuuliza megapikseli uliza masasisho yataisha lini. Ahadi zimepanuka sana. Google ilianza kuahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafuata na Galaxy S24 mwaka 2024, na mwisho wa mwaka huo Galaxy A16, simu ya watu wa kawaida, ikapewa miaka 6. Umoja wa Ulaya nao, tangu 20 Juni 2025, unataka simu mpya zinazouzwa huko zipate masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya aina hiyo kuacha kuingizwa sokoni, na betri zistahimili mizunguko 800 zikiwa na asilimia 80. Sheria hiyo si ya Kigali, lakini aina nyingi zinazouzwa Ulaya ndizo hizo hizo zinazofika kwetu.

Ila angalia mwanzo wa kuhesabu. Kwa kawaida miaka huhesabiwa tangu aina hiyo ya simu ilipoanza kuuzwa, si tangu ulipoinunua. Simu iliyopunguzwa bei baada ya miaka miwili dukani imekwisha kupoteza miaka miwili. Nashauri hesabu hii: gawanya bei kwa miezi ya masasisho iliyobaki. Tuseme simu moja ni faranga 150,000 na imebakiwa na miaka miwili. Unalipa 6,250 kwa mwezi. Nyingine ni 300,000 na ina miaka sita. Unalipa kama 4,170 kwa mwezi. Ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu, mradi usiiangushe.

Kodi pia imebadilisha hesabu. Mwaka 2025 Rwanda iliondoa msamaha wa VAT uliokuwa ukizilinda simu, na kiwango chake ni asilimia 18. Simu yenye thamani ya 200,000 inaongezeka 36,000. Ndiyo maana wengi wanakimbilia mikopo ya kulipa kidogo kidogo, kama Macye Macye ya MTN hapa Rwanda au Lipa Mdogo Mdogo ambayo Safaricom ilianzisha Kenya mwaka 2020. Siipingi mikopo hii. Ila jumlisha malipo yote mpaka la mwisho kabla ya kutia saini, na kumbuka kwamba simu ya mkopo kwa kawaida hufungwa kwa mbali ukichelewa kulipa. Anayeitumia simu kutafuta riziki, siku inapofungwa ndiyo siku anayoihitaji zaidi.

Wengine huchagua simu ya mtumba kutoka Marekani au Dubai. Ni njia nzuri kwa anayejua kukagua. iPhone za soko la Marekani, kuanzia iPhone 14, hazina kabisa tundu la laini. Zinatumia eSIM tu, basi uliza kwanza kampuni yako ya mtandao kama itakuhamishia laini. Bonyeza *#06# uone namba ya IMEI na uilinganishe na ya kwenye boksi. Hakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa mbele yako. Na kama inauzwa kwa sifa ya kamera, jaribu kamera: Septemba 2021 Apple ilionya kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kuharibu mfumo unaotuliza picha. Simu iliyoishi kwenye usukani wa pikipiki inaweza kutoa picha zinazotikisika hata mkono ukiwa umetulia.

Kamera ndiyo kivutio kikubwa cha kila toleo jipya, na hapa Gahanga kuna mahali pazuri pa kuipima. Uwanja wa kriketi ulifunguliwa Oktoba 2017, na ndipo yanapochezwa mashindano ya wanawake ya Kwibuka. Simama kwenye ukingo wa uwanja, mvute karibu mpigaji aliye katikati. Simu isiyo na lenzi ya mbali, hata iandikwe megapikseli 50 au 108, hukata tu kipande cha katikati ya picha na kukitanua. Uso unakuwa ukungu. Lenzi ya mbali ndiyo inayoleta tofauti, na hiyo hupatikana zaidi kwenye simu za bei kubwa. Kwa picha za watoto uani mchana, simu ya miaka minne iliyopita inatosha.

Yupo mmoja ambaye simsihi asubiri: mwenye kitochi, au mwenye simu janja inayoishia 3G. Tangu 2023, MTN ilipoanza kujenga 4G yake na Airtel ikauza simu janja ya Ikosora+ kwa faranga 20,000 chini ya mpango wa Connect Rwanda, hatua hiyo imekuwa rahisi, na faida yake inazidi ya kutoka iPhone 15 kwenda 17. Mtu huyo anapata huduma za serikali kupitia Irembo, masomo ya mtoto na sauti ya ndugu walio mbali bila kumlipa kijana wa kwenye kibanda.

Na ukiamua kununua, usiache ya zamani ikivimba kwenye droo. Iliyokufa kabisa ina njia: ukivuka daraja la Nyabarongo kutoka Gahanga unaingia Bugesera, na huko kuna kiwanda cha Enviroserve kinachochambua taka za umeme. Kobalti iliyo ndani ya betri yako huenda ilichimbwa Kolwezi, nchini Kongo, na ni bora itumike tena kuliko kuvuja shimoni. Kama bado ni nzima na unampa mdogo wako, toa kwanza akaunti yako ya Google au ya Apple kwenye mipangilio, ndipo uifute yote. Ukiifuta bila kuitoa, ikiwaka tena itamdai nenosiri lako.