Paa la Ukumbi Hulipiwa na Nani?

Mkazi wa mtaa wa Section 58, Nakuru, anayetaka filamu hana haja ya nauli ya kwenda mjini. Simu anayo, na kibanda cha video hakikosekani mtaani: benchi, skrini, king'amuzi, mpira wa Uingereza wikendi, filamu ya Kihindi kwa sauti ya msimulizi DJ Afro siku nyingine. Paa la kibanda ni mabati machache. Likivuja, fundi huliziba kabla ya mechi.

Jengo la sinema au la tamthilia halizibwi hivyo. Lilijengwa na dari ya juu, sakafu iliyoinama na kuta zisizo na madirisha. Mwenye duka hataki hata kimoja kati ya hivyo. Anataka sakafu tambarare na mlango unaotazama barabara. Ndiyo maana kanisa mara nyingi hutangulia kupanga: viti vipo, jukwaa lipo, hakuna cha kubomoa. Nairobi, sinema ya Odeon sasa ni jina la steji na ya Globe ni jina la mzunguko wa barabara.

Tufanye hesabu ya kukisia. Ukumbi wa viti 250, tiketi shilingi 200: ukijaa, onyesho moja huleta 50,000. Ukigawanywa vibanda 40 vya shilingi 10,000 kila kimoja, mwezi huleta 400,000, mvua inyeshe isinyeshe. Kuifikia hiyo, msanii anahitaji maonyesho manane yaliyojaa, na hapo waigizaji, umeme na mlinzi hawajalipwa. Mwenye jengo anayechagua vibanda hachukii sanaa, anajua kuhesabu.

Basi Nakuru Players Theatre, ukumbi waliouacha masetla waliokuwa wakiigiza kwa kujiburudisha, inastahili kutazamwa kibiashara. Kumbi za aina hii nchini zimeokolewa na mtihani. Kila mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hufanya karatasi ya fasihi, kwa hiyo vikundi huigiza vitabu vilivyoteuliwa: jana Kigogo cha Pauline Kea, leo Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Mteja halisi ni mwalimu. Anakuja na basi zima, asubuhi ya siku ya kazi, saa ambayo hakuna mtu mwingine angenunua tiketi. Wapo wanaobeza uigizaji huo kuwa ni masomo ya ziada yenye mavazi. Mimi naona ndiyo biashara ya jukwaa iliyo imara kuliko zote tulizonazo, na vichekesho vya Ijumaa usiku havijaikaribia.

Lakini soko hilo lina tarehe ya mwisho. KCSE ya mwisho itafanywa 2027. Katika shule za sekondari ya juu chini ya mtaala mpya, fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua, si la wote. Anayeendesha ukumbi Nakuru ana misimu michache tu ya mabasi yaliyojaa kutafuta mteja mwingine.