Dawa ya Kunenepesha Nguruwe Si Chakula cha Mtoto

Leo tunaongea juu ya nguruwe. Hata kama nyumbani kwako nyama hiyo hailiwi, usizime redio, kwa maana jambo hili linafika mpaka kwa mtoto wako.

Hapa Kawangware, na kuendelea Waithaka hadi Uthiru, wako majirani wanaofuga nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba. Wanawalisha mabaki ya hoteli, machicha na maganda kutoka sokoni. Wengine wakifika kwa agroveti hununua pia unga wa oksitetrasaiklini wakauchanganya kwenye chakula. Hiyo ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, na kazi yake ni kutibu mnyama mgonjwa. Lakini wako wanaompa nguruwe mzima ili anone haraka. Ndiyo sababu mama akiniuliza kliniki, "Sista, kama dawa hii inanenepesha nguruwe, mbona usimpe mtoto wangu aliyekonda?" mimi simcheki. Nguruwe kweli hunenepa. Tuone ni kwa nini.

Ndani ya utumbo wa nguruwe, kama ndani ya utumbo wako, wanaishi bakteria wasiohesabika. Wengi ni wapangaji wazuri. Wanavunjavunja makapi ambayo tumbo limeshindwa nayo, na wanajaza nafasi ili wabaya wakose pa kukaa. Lakini mpangaji naye anakula. Protini ikifika utumboni, bakteria wananyakua fungu lao kabla haijaingia kwenye damu. Wale wabaya nao wakizidi, ukuta wa utumbo unavimba, mnyama anakosa hamu ya kula, na ile protini ambayo ingejenga misuli inatumika kutengeneza askari wa mwili wa kupigana na ugonjwa. Wiki ngumu kabisa ni zile za kwanza baada ya kuachishwa kunyonya. Maziwa yamekatwa, chakula ni kigeni, bakteria wa tumboni wanabadilika kwa siku chache, na vitoto vinaanza kuhara.

Ukitia dawa kidogo kidogo kwenye chakula kila siku, bakteria wanapungua, wazuri kwa wabaya. Vita vinatulia, na protini iliyookolewa inaenda kwenye mnofu. Kwa hivyo dawa yenyewe haijengi msuli hata kidogo. Hilo lilijulikana kwa kuku waliolelewa ndani ya vyumba visivyo na kijidudu hata kimoja: walipopewa antibiotiki, hawakukua zaidi ya wenzao. Hata kwa nguruwe, banda likiwa safi faida ya dawa hupungua sana. Mfugaji anayeinunua kila wiki mara nyingi analipia uchafu wa banda lake, na mimi naona ni pesa afadhali angenunulia dagaa wa kuchanganya na chakula.

Sasa, hasara iko wapi? Dawa kidogo ya kila siku haimalizi bakteria wote. Wanaobaki ni wale sugu, na hao ndio wanaozaana. Tena wana tabia ya kupeana siri ya usugu, hata na bakteria wa aina nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamekuta kwa nguruwe, na kwa wagonjwa pia, usugu unaohama hivyo dhidi ya kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka akiba ya mwisho. China ikapiga marufuku kuitia kolistini kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kunenepesha. Sweden ilikuwa imekataza antibiotiki zote za kunenepesha tangu 1986, na Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2006.

Usiseme hayo ni ya ng'ambo. Kati ya 2015 na 2016, watafiti wa ILRI, hapo Uthiru, pamoja na wenzao walizunguka nyumba 99 za Nairobi wakichukua vinyesi vya watu, vya mifugo, na vya wanyama kama panya na ndege wanaozunguka nyumba. Walichunguza bakteria wa utumboni aitwaye E. coli, na wakakuta mahali pengine watu na mifugo wa nyumba moja wamebeba bakteria wa ukoo mmoja. Njia si nyama peke yake. Ni mkono, ni ndara zilizotoka bandani, ni karai, ni mtaro unaopita mlangoni ambapo watoto wanacheza.

Turudi kwa mtoto aliyekonda. Hapa Kenya swali la yule mama limeshajaribiwa. Watoto 1,778 wasio na virusi vya ukimwi, waliokuwa wamelazwa kwa utapiamlo mkali katika hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Mbagathi, jirani yetu, waligawanywa mara mbili. Wengine walipewa septrini kila siku kwa miezi sita, wengine dawa ya mfano isiyo na kitu. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Kati ya watoto 887 waliopewa septrini walifariki 122, na kati ya 891 wasiopewa walifariki 135. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema dawa iliwakinga.

Daktari anaweza kumwandikia mtoto mwenye utapiamlo mkali antibiotiki ya siku chache, kwa sababu mtoto kama huyo huficha maambukizi bila hata joto kupanda. Hiyo mpe mpaka iishe. Na mtoto aliyeandikiwa septrini ya kila siku kwa sababu ya virusi vya ukimwi, au mtoto mchanga wa mama mwenye virusi, usimkatishe kwa kusikia kipindi hiki. Ninachokataza ni ile unayojinunulia. Tetrasaiklini hasa isimguse mtoto wa chini ya miaka 8 bila daktari, maana hushikana na meno yanayoota na kuyatia rangi ya manjano au kahawia isiyotoka kwa mswaki.

Mtoto akihara, mpe ORS na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa aliyefikisha miezi sita, miligramu 10 kwa aliye chini, kwa siku 10 hadi 14, na anyonye kama kawaida. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, au anashindwa kunywa, mlete siku hiyo hiyo. Akikonda, mwambie mhudumu wa afya ya jamii ampime mkono kwa ule mkanda wa rangi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, hilo ni eneo jekundu, usingoje kliniki ya mwezi.

Wewe mfugaji, usiharakishe kuachisha vitoto vya nguruwe. Waache mpaka wiki sita au nane, na uwaonjeshe chakula wakiwa bado wananyonya. Karai la dawa lisiingie jikoni. Mnyama aliyetibiwa asipelekwe kichinjioni kabla siku zilizoandikwa kwenye pakiti hazijaisha, na kama huwezi kuzisoma, uliza afisa wa mifugo. Nawa kwa sabuni ukitoka bandani, kabla hujambeba mtoto.

Kipindi kijacho tutaongea juu ya tegu wa nguruwe.