Ua Linaloogopa Mvua, Si Theluji

Ukitaka kuiona Primula allionii kwao, inua macho. Imejibanza katika nyufa za magenge ya chokaa, chini ya miamba iliyojitokeza kama upenu wa nyumba, kwenye pembe ya Alpi inayokaribia Bahari ya Mediterania, mpakani mwa Ufaransa na Italia. Nje ya kipande hicho, porini haipo. Jina inalichukua kwa Carlo Allioni, daktari na mtaalamu wa mimea wa Torino aliyefariki 1804.

Mmea wenyewe ni kifundo cha majani mafupi yenye vinyweleo vinavyonata. Majira ya baridi yakielekea ukingoni, hujaa maua ya waridi au zambarau, mara chache meupe, hata majani yasionekane.

Watu wakisikia Alpi hudhani adui ni theluji. Baridi inaivumilia, kinachoiua ni maji yanayoiangukia kutoka juu. Majani yake yakikauka hayadondoki, hushikamana na shina miaka na miaka. Chini ya ule upenu wa mwamba, hakuna neno. Bustanini yakilowa, ukungu wa kijivu huingia na kifundo kizima kikaoza. Ndiyo maana wapenzi wake Uingereza huiweka katika nyumba ya kioo isiyopashwa moto, madirisha wazi, chungu cha udongo kimezikwa mchangani hadi shingoni, kisha wanamwagilia mchanga, si mmea. Mwenye mkono mwepesi wa kumwaga maji, ningemshauri apande kitu kingine.

Halafu kuna suala la mbegu. Mmea mmoja ukikaa peke yake mara nyingi hauzai, na sababu iko katikati ya ua. Mimea mingine huchomoza stigma, sehemu inayopokea chavua, mdomoni mwa mrija wa ua, mviringo kama kichwa cha pini, huku stameni zenye chavua zimejificha chini. Mingine ni kinyume chake. Darwin aliandika juu ya jambo hili katika jamii ya primula mwaka 1862: chavua ya aina moja hufaa zaidi kwa aina ya pili. Sasa, ua zuri huzalishwa kwa vipandikizi, kwa hiyo vyungu ishirini vyaweza kuwa mmea mmoja uliokatwakatwa, wote wa aina ileile. Anayetaka mbegu huazima kwa jirani chungu chenye mmea wa aina ya pili, akahamisha chavua kwa brashi ndogo ya rangi, siku ambazo nyuki bado ni wachache.