Je, Wajua? Kemba ya Kigari cha Mashindano

Simama mbele ya Mini, Ford Escort, Golf ya kwanza au Datsun 1600 iliyoandaliwa kwa mashindano, uyatazame matairi yake ya mbele. Hayakusimama wima. Juu yameinamia ndani, kuelekea injini. Mwinamo huo ndio kemba: tairi likiinamia ndani kemba ni hasi, likiinamia nje ni chanya, na kipimo chake ni digrii. Mengine ni haya.

Je, wajua kwamba Mini ilitoka kiwandani ikiwa na kemba chanya? Gari hilo la Alec Issigonis, lililoingia sokoni mwaka 1959 na rimu za inchi 10, lilipangiwa takriban digrii 2 za kuinamia nje, na halikuwekewa bolti yoyote ya kubadilisha hali hiyo. Kwa mwendo wa kwenda sokoni hakuna tatizo. Waliotaka kushindana walivua mkono wa chini na kufunga mwingine mrefu kidogo, unaosukuma sehemu ya chini ya tairi kwenda nje. Hadi leo wauza vipuri vya Mini huitambulisha mikono hiyo kwa digrii zake, na ile ya digrii moja na nusu hasi ndiyo maarufu.

Je, wajua kwamba kwenye barabara iliyonyooka kemba hasi ni hasara tupu? Tairi hukanyagia zaidi ukingo wa ndani, na breki zikishikwa kwa nguvu kuna mpira mchache wa kung'ang'ania lami. Faida yote iko kwenye kona. Gari likikata kona kwa kasi, bodi hulala upande wa nje, na tairi la nje, ambalo ndilo lenye mzigo, hulala nayo. Lililoanza wima litaishia kusaga bega lake la nje. Lililoanza na digrii 3 za kuinamia ndani litakaribia kusimama wima wakati hasa linapotegemewa.

Je, wajua kwamba lawama kubwa ya tairi kulala hivyo ni ya mfumo uliobeba jina la mtu mmoja? Earle S. MacPherson, mhandisi Mmarekani, alikuwa General Motors akibuni gari dogo la Chevrolet lililoitwa Cadet. Mradi ulipofutwa mwaka 1947 alihamia Ford. Wazo lake lilikuwa shokapu na springi viwe nguzo moja, iliyofungwa juu kwenye bodi na kushikwa chini na mkono mmoja tu. Ford Consul na Zephyr, zilizooneshwa London mwaka 1950, zilizindua enzi hiyo, na baadaye karibu kila gari dogo likafuata: Escort, Golf, Datsun 1600, Lancer, Corolla AE86. Ni mfumo rahisi, mwepesi, usiokula nafasi ya injini. Ubaya wake ni kwamba bodi ikilala, nguzo nayo inalala, na tairi linafuata. Mfumo wa mikono miwili, wa juu ukiwa mfupi, hurudisha sehemu nzuri ya digrii hizo tairi linapopanda. Nguzo ya MacPherson hurudisha kidogo mno, kwa hiyo fundi hulazimika kuziweka digrii hizo tangu gari likiwa limesimama.

Je, wajua kwamba kulishusha gari kunaweza kuiua kemba uliyoitafuta? Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Ukikata springi, gari linakaa chini, kemba hasi inaongezeka kidogo, na mwenye gari anafurahi. Aingie uvunguni atazame mkono wa chini. Ulitakiwa uwe umelala sawa au umeteremka kidogo kuelekea tairi, sasa umepanda. Ncha ya mkono huo hutembea kwa mduara, na ikishapita usawa, kila inapopanda inarudi ndani na kulivuta tairi sehemu ya chini. Kwa hiyo kwenye kona, tairi la nje linapobanwa na uzito, kemba hasi inapungua badala ya kuongezeka. Isitoshe, bodi yenyewe hupata tamaa ya kulala zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya kushushwa.

Wenye Datsun 1600 wana dawa ya zamani. Huchomeka kipande kinene cha chuma au alumini kati ya kitako cha nguzo na ule mkono wa usukani uliobeba boljointi, kisha hufunga kwa bolti ndefu zaidi. Boljointi inashuka, mkono wa chini unarudi kwenye mlalo wake, na kwa kuwa tairodi nayo imeshikwa hapo hapo, inashuka pamoja. Kwangu mimi kipande hicho kina thamani zaidi kuliko springi yoyote ya bei mbaya.

Je, wajua kwamba Datsun hiyo hiyo ni bingwa wa mabara mawili? Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo East African Safari Rally. Mwaka 1971 na 1972 timu ya Peter Brock, dereva wake akiwa John Morton, ilitwaa ubingwa wa Trans-Am nchini Marekani kwa magari yasiyozidi lita 2.5. Ni aina moja ya gari, lakini kwa kemba ni kazi mbili tofauti. Kwenye lami kila nusu digrii ina maana. Kwenye changarawe na mashimo tairi linachimba badala ya kung'ang'ania, na kinachotafutwa kwanza ni nguzo isiyopinda. Nguzo ikipinda, kemba imejibadilisha yenyewe bila spana. Aliyeelewa zaidi maisha ya nguzo katika barabara zetu pengine ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda Safari mara 5, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun.

Je, wajua kwamba timazi na rula vinatosha kupima? Tafuta sakafu iliyosawazika kweli. Ning'iniza timazi kwenye ukingo wa madigadi, uzi upite mbele ya rimu bila kugusa mpira wa tairi. Pima pengo kati ya uzi na ukingo wa rimu, juu na chini, kwenye alama mbili zilizoachana umbali wa milimita 360, ambao kwa rimu ya inchi 13 ni karibu kipenyo chake chote. Mapengo yakitofautiana kwa milimita 6.3, hiyo ni digrii 1. Milimita 12.6 ni digrii 2, na 19 ni digrii 3. Rimu iliyopinda hudanganya, kwa hiyo lisogeze gari mpaka tairi lifike nusu mzunguko, pima tena, chukua wastani.

Na dereva awe amekaa kwenye kiti chake. Kama hayupo, weka mifuko ya mchanga yenye uzito wake. Gari likitoka kwenye jeki lisukume mbele na nyuma kwanza, maana matairi huteremka yakiwa yamejibana na yatakupa kipimo cha uongo.

Je, wajua kwamba milimita 10 ni karibu digrii nzima? Nguzo ya kigari cha namna hii, kutoka boljointi hadi kichwani, huwa karibu na milimita 600. Sogeza kichwa chake ndani milimita 10 na tairi limeinama takriban digrii 1. Ndiyo maana washindani wa lami hung'oa kikombe cha mpira kilicho juu ya nguzo na kufunga bamba lenye beringi na matundu marefu ya kutelezesha. Kabla ya kukaza, hakikisha springi haisugui ukuta wa bodi.

Je, wajua kwamba Golf ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuja na suluhisho lake? Bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika nguzo na kipande cha beringi ina tumbo la duara lisilokaa katikati. Ilegeze, izungushe, na tairi linainama huku nguzo ikibaki ilipo. Afrika Kusini waliendelea kuunda gari hilo kwa jina la Citi Golf hadi 2009.

Je, wajua kwamba ukigusa kemba umegusa na mwelekeo wa matairi? Yaliyokuwa yakitazama mbele sawasawa sasa yatatazama ndani au nje. Utaratibu ni huu: upepo wa matairi, kimo cha gari, kemba, na mwelekeo wa matairi mwisho kabisa. Anayeanza na mwelekeo atarudia kazi.

Je, wajua kwamba kemba ikitofautiana kushoto na kulia, gari huvuta upande wenye kemba chanya zaidi? Kwenye viwanja vya mviringo vya Marekani, ambako kona zote ni za kushoto, hilo hufanywa makusudi: tairi la mbele kulia hasi, la kushoto chanya.

Je, wajua kwamba nguzo ikilazwa nyuma kidogo, juu yake ikielekea kwa dereva, usukani ukikatwa tairi la nje hujiongezea kemba hasi lenyewe? Hiyo ni kasta. Ukiwa nayo ya kutosha, huna haja ya kulaza matairi sana. Malipo yake ni usukani mzito, na vingi vya vigari hivi havina pawa stelingi.

Je, wajua kwamba tairi lenyewe ndilo hakimu? Michelin walipoanza kuuza matairi ya rediali mwaka 1949 walibadilisha hesabu yote, kwa sababu rediali hupenda kemba hasi kubwa kuliko tairi la zamani la nyuzi zilizopishana. Gari likiingia tu kutoka uwanjani, fundi huchoma sindano ya kipimajoto ndani ya mpira mahali patatu: ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje. Wa nje ukiwa na joto zaidi, ongeza kemba hasi. Wa ndani ukizidi kidogo, vizuri. Ukizidi sana, punguza. Katikati pakizidi, upepo umejaa mno. Digrii ulizonakili kwenye gari la mwenzako haziwezi kukuambia hayo.

Kama unaanza na matairi ya rediali kwenye lami, anzia digrii 2 hasi. Ukishafunga, kaza bolti kwa spana ya kipimo, piga mstari wa rangi unaovuka nati na bamba, kaendeshe mizunguko michache, kisha rudi uutazame. Mstari ukiwa umekatika, bolti imeteleza na kipimo chako hakipo tena.