RCH na Tarakimu Zake: Achaneni na Ramli

Ndege kubwa ya kijivu ikikatiza anga la Dar es Salaam, simu yangu hujaa picha za skrini za ramani za ndege na swali lile lile: "Mtaalamu, hii RCH yenye namba hii imebeba nini?" Sijui. Na aliyekuambia kwamba namba hiyo inasema, naye hajui.

Nimalize kwanza lililo jepesi. Herufi tatu za mwanzo humtaja mwenye safari. RCH, ambayo redioni husikika kama "Reach", ni kamandi ya usafirishaji ya Jeshi la Anga la Marekani. RRR ni "Ascot", Jeshi la Anga la Uingereza. CTM ni "Cotam", Wafaransa. CFC ni "Canforce", Wakanada. GAF ni Wajerumani, IAM ni Waitaliano. UNO ni Umoja wa Mataifa. Elimu ya herufi inaishia hapo.

Ramli inaanza kwenye tarakimu. Utaambiwa eti namba za mia nane ni silaha, za mia tatu ni askari, na ikiwa na herufi mwishoni basi vita vimekaribia. Upuuzi mtupu. Jina la mwito lipo kwa kazi moja: mwongoza ndege ajue anaongea na nani, na rubani ajue anayeitwa ni yeye. Katika miaka ya 1950 ndege ya Rais Eisenhower, iliyokuwa ikiitwa Air Force 8610, ilijikuta anga moja na ndege ya abiria ya shirika la Eastern yenye namba hiyo hiyo, 8610. Mkanganyiko huo ndio uliozaa jina Air Force One. Tatizo lilikuwa kutenganisha ndege mbili, wala hakuna aliyewaza kutangaza kilichomo ndani.

Bado unabisha? Chukua Agosti 9, 1974. Richard Nixon, aliyekuwa ametangaza kujiuzulu, aliondoka Washington kuelekea California kwa Air Force One. Saa sita mchana, ndege ikiwa juu ya jimbo la Missouri, Gerald Ford alikula kiapo Ikulu, na rubani akawaarifu waongoza ndege kwamba, kwa kuwa Nixon si rais tena, sasa yeye ni SAM 27000. Ndege ile ile, rubani yule yule, abiria yule yule kitini. Jina limebadilika angani. Jezi namba 10 haisemi mfukoni mwa mchezaji kuna nini.

Au chukua Kabul, Agosti 15, 2021. C-17 iliyoitwa Reach 871 iliondoka na watu 823, wengi wao wamekaa sakafuni. Marekani kwanza ilitangaza abiria 640, kisha ikasahihisha: watoto 183 waliopakatwa hawakuwa wamehesabiwa. Yaani wenye ndege wenyewe walikosea hesabu ya mzigo wao, halafu wewe uliyeko Tabata uupate kwenye tarakimu tatu za skrini?

Na RCH haikuthibitishii hata aina ya ndege. C-5 huitwa Reach, C-17 huitwa Reach, C-130 huitwa Reach, hata KC-135 inayojaza wenzake mafuta angani huitwa Reach ikiwa kwenye safari za kamandi hiyo. Rais Obama alipokuja Dar mwaka 2013, magari na vifaa vya msafara wake vilisafirishwa kwa ndege za mizigo za jeshi. Aliyejua zimebeba nini alisoma gazeti, hakupiga bao kwa namba.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Tazama msimbo wa transponda, ule wa alama sita za herufi na tarakimu: huo kwa kawaida hufuata ndege yenyewe, na wa jeshi la Marekani mara nyingi huanza na AE. Linganisha na namba ya mkiani ukiwa na darubini. Tazama aina ya ndege, ilikotoka na ilikotua. Tovuti ya Flightradar24 huficha baadhi ya ndege. Ile ya ADS-B Exchange haizichuji. Ndege ikitoweka kwenye ramani, kumbuka kwamba wanajeshi wanaweza kuzima transponda, na kwamba vipokezi vya watu wa kujitolea ni vichache katika maeneo mengi ya Afrika. Usitangaze kwamba imedunguliwa. Usielekeze kamera kwenye eneo la jeshi bila ruhusa. Na kabla ya kusambaza chochote kwenye kundi la WhatsApp, jiulize kama kuna maisha ya watu yanayotegemea ukimya wako.

Daftari la mpenzi wa ndege liwe na tarehe, saa, jina la mwito, aina ya ndege na msimbo wa transponda. Safu ya mzigo iache tupu mpaka mwenye mzigo aseme.